Saa inaniwasha mkono mpaka ngozi imekuwa nene na nyeusi, nifanyeje?

DerevaSakina

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada kwa mwenye uelewa wa mambo ya ngozi. Mimi ni dereva wa watalii, naishi Sakina hapa Arusha, na saa ya mkononi kwangu sio urembo, ni kitendea kazi kabisa. Wanaoijua hii kazi wanaelewa, ukiingiza wageni hifadhini kibali kinahesabiwa masaa 24, ukipitiliza unalipia upya pale getini, na kule kreta ya Ngorongoro jioni gari inatakiwa iwe imeshapanda juu kabla giza halijaingia. Sa huwezi kila dakika mbili unachomoa simu mfukoni na huku umeshika usukani kwenye rafu rodi.

Saa yangu ni ya cheni ya chuma rangi ya silva, nimeivaa muda mrefu tu bila shida. Kuanzia kile kipindi cha joto cha Januari na Februari mkono wa kushoto ukaanza kuwasha. Vilitoka vipele vidogo vidogo upande wa ndani wa kifundo, pale pale kinapokaa kile kifungio cha cheni, halafu vikaja na upande wa juu, chini ya saa yenyewe. Nikikuna usiku asubuhi panatoa maji maji, pakikauka panakuwa na magamba, na sahivi ngozi pale ni nene na nyeusi kuliko mkono mzima. Nikiwa likizo nyumbani bila saa panatulia, nikirudi safari panaanza. Na kinachonichanganya haianzi siku hiyo hiyo, siku ya kwanza niko poa kabisa, muwasho unakuja kesho yake au keshokutwa.

Kuna mgeni aliniachia zawadi ya saa janja yenye mkanda wa raba nikasema ngoja nibadilishe, nayo inawasha ila kwa namna nyingine, panakuwa pabichi kuzunguka mkono mzima, kama mkanda ulivyokaa. Kazini wengine wananiambia ni mionzi ya ile taa ya kijani ya chini, wengine fangasi. Mwenye kujua tafadhali.

Chalii_wa_Ngarenaro

Hiyo fangasi chalii yangu usihangaike. Nenda duka la dawa lolote waambie wakupe ile tyubu ya mchanganyiko inayotibu kila kitu, unapaka asubuhi na jioni, muwasho unakata siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa na kitu kama hicho shingoni kikaisha. Ukikosa hela kabisa kuna watu wanapaka breki fluidi na wanapona.

MamaNeema_Rau

Mwanangu DerevaSakina pole sana, na wewe mwanangu wa Ngarenaro nakuomba kwa upendo usimwambie mtu apake breki fluidi kwenye ngozi iliyochubuka, ile ni kemikali ya gari, inaunguza, nimepokea watu kliniki mkono umevimba na umetoka malengelenge kwa ajili ya vitu vya namna hiyo.

Mimi ni muuguzi mstaafu niko Moshi. Ngoja nieleze taratibu maana hapo kijana ana vitu viwili, sio kimoja.

Huo upele wa cheni una kila dalili ya aleji ya nikeli. Nikeli ni madini yanayochanganywa kwenye vyuma vingi tunavyovaa, kifungo cha jinzi, hereni, zipu, chuma cha mkanda wa suruali. Dalili yake kubwa ni hiyo uliyoitaja mwenyewe, upele unakaa palipogusana na chuma, unatulia ukivua. Na hilo la kuanza kesho yake au keshokutwa ndo linanipa uhakika zaidi, aleji ya kugusa sio kama ya kuumwa na nyuki ukavimba hapo hapo, hii inachukua siku moja hadi tatu kujitokeza, ndo maana watu wanalaumu chakula, wanalaumu vumbi, wanalaumu sabuni ya hotelini, na chuma kiko mkononi hakuna anayekishuku. Usishangae pia kwamba umeivaa muda mrefu salama. Mwili unaweza kukaa na nikeli miaka, lakini siku ukishaitambua ni kama mbwa aliyeshamjua mwizi, hausahau tena. Hakuna dawa ya kuiondoa hiyo aleji, unaiepuka tu basi.

Huo ubichi wa mkanda wa raba ni kitu kingine, mara nyingi sio aleji kabisa. Raba haipitishi hewa. Jasho, sabuni, losheni na vumbi vinabaki chini yake kutwa nzima, ngozi inakaa imelowa, inalainika, halafu mkanda unaisugua. Moshi huku kwetu kwenye joto naona sana kwa akina mama wanaoosha vyombo na saa mkononi, maji ya sabuni yanaingia chini hawayaoni.

Sasa fangasi. Fangasi ya ngozi inakuwa na ukingo ulioinuka, inapanuka kama duara na katikati panaanza kupona, na yenyewe haijali umevaa saa au umevua, inaendelea na safari yake. Wewe yako inakwenda na saa.

Hizo tyubu za mchanganyiko naziogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Ndani kuna dawa ya fangasi, kuna antibayotiki, na kuna steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Hiyo steroidi ndo inayokata muwasho siku hiyo hiyo na ndo maana watu wanazipenda. Kama ni fangasi inaituliza kwa juu huku inasambaa chini kwa chini, inapoteza hata lile umbo la duara mpaka daktari anashindwa kuitambua. Kama ni aleji na saa bado umeivaa, utapaka miezi na miezi, ngozi itakuwa nyembamba kama karatasi na mabaka meupe juu. Na baadhi yake zina antibayotiki inayoitwa neomaisini ambayo yenyewe inajulikana kwa kuleta aleji ya ngozi, unaweza ukaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Cha kufanya, vua saa zote mbili mpaka ngozi ipone kabisa. Usihamishie mkono wa kulia, aleji iko mwili mzima, utaharibu na wa kulia. Osha kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kugusa gusa sio kusugua, paka mafuta ya mgando ya kawaida mara kwa mara. Muwasho ukizidi weka kitambaa cha maji baridi. Krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1, hiyo ni steroidi hafifu sio kama zile kali, inatosha, unapaka kidogo sana mara mbili kwa siku, isizidi wiki moja, na usipake palipo na usaha. Lile doa jeusi litabaki hata muwasho ukiisha, ngozi zetu ndivyo zilivyo, linafifia lenyewe kwa miezi, usilisugue na krimu za kung'arisha nakuomba.

Ukiona usaha, au pamekuwa pa moto na panavimba, au homa, hapo usisubiri, nenda hospitali. Na kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu kama wanavyoandika kwenye makaratasi ya dawa, sisi inaonekana zambarau au kahawia iliyokolea, kwahiyo gusa na mkono mwingine upime joto.

FundiSaa_SokoKuu

Nimesoma maelezo ya mama hapo juu nikaona niongeze upande wa saa yenyewe, mimi ni fundi hapa mjini Arusha.

Kijana geuza hiyo saa usome maandishi ya mgongoni. Ukikuta pameandikwa "Stainless Steel Back" ujue wanamaanisha kifuniko cha nyuma peke yake ndo stili. Bodi inaweza kuwa shaba au aloi, yaani mchanganyiko wa madini, iliyochovywa ikapata tabaka jembamba la madini mengine juu, na cheni hivyo hivyo. Wateja wengi wanasoma lile neno stili wanajua saa nzima ni stili. Nyingine wanaandika "Base Metal", yaani madini ya kawaida sio stili, kabisa pale pembeni kwa herufi ndogo.

Halafu chukua kitambaa ufute kifungio cha cheni vizuri, kitazame juani kwenye zile kona zinazosuguana na meza. Ukiona rangi ya silva imelika na chini panaonekana njano njano, hiyo ni shaba. Sasa sikia hii maana ndo inajibu kwanini ilikuwa salama zamani. Wanapochovya kromu hawaiweki moja kwa moja juu ya shaba, wanatanguliza nikeli kwanza kisha kromu inakuja juu nyembamba sana. Saa ikiwa mpya unagusana na kromu. Ikishalika kwa jasho na msuguano unagusana na nikeli. Kwahiyo mkono haujabadilika peke yake, na saa nayo imebadilika.

Na kile kiuchafu cheusi kinachojikusanya katikati ya pingili za cheni, ni jasho na ngozi iliyokufa na vumbi. Nikifungua cheni za madereva na wapagazi nakuta kimejaa, kikiwa na ukijani ujue shaba imeanza kuliwa. Mswaki laini, maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, kisha ukaushe kabisa. Kama saa haizuii maji itoe cheni kwanza ndo uioshe.

Mwl_Kemia_Machame

Fundi umenifurahisha kwa maelezo ya kuchovya, ni sahihi kabisa, nafundisha hiyo kitu kidato cha nne.

Niongeze kwanini joto la Januari. Jasho lina chumvi, na kloridi iliyomo kwenye chumvi ndo inayoitafuna ile tabaka na kuyeyusha nikeli kidogo kidogo kuja kwenye ngozi. Chuma kikavu juu ya ngozi kavu kinatoa kidogo mno. Mtu yule yule na saa ile ile Juni, baridi ya Arusha, anaweza asisikie kitu.

Kuna njia ya kupima. Kuna kemikali inaitwa dimethilglayoksimu, unaweka tone moja kwenye pamba pamoja na tone la amonia, unasugua chuma kama nusu dakika hivi, pamba ikigeuka pinki nikeli inatoka. Shule nyingi zenye maabara nzuri huwa nayo, kama una ndugu mwalimu wa kemia mpelekee saa muifanye pamoja, ni kitu cha dakika moja. Angalizo tu, isiguse ngozi yenye vidonda.

Wenzetu Ulaya waliliona hili mapema, toka 1994 wana sheria kwamba kitu kinachogusa ngozi muda mrefu kisitoe zaidi ya mikrogramu 0.5 za nikeli kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Wanapima inayotoka, hawapimi iliyomo, na hapo ndo penye maana. Stili nzuri ya saa, ile wanayoita 316L, ina nikeli asilimia 10 hadi 14 na bado wengi wenye aleji wanaivaa salama kwa sababu imeshikiliwa ndani haitoki kirahisi. Wachache inawasumbua hata hiyo.

Kuhusu taa ya kijani, hapana, ni mwanga wa kawaida tu wa kusoma damu inavyopita kwenye mishipa ili ihesabu mapigo, sio mionzi ya kuunguza ngozi. Lakini saa janja sio kwamba hazina lawama. Mwaka 2014 kampuni ya Fitbit iliziondoa sokoni bangili zake za kuhesabu hatua zinazoitwa Force kwa sababu watu walitokwa na vipele, na kilichotajwa ni nikeli ya kwenye stili pamoja na gundi na malighafi za mkanda. Kwahiyo ukiosha, ukakausha, ukalegeza mkanda na bado ngozi inakataa, usiilazimishe.

DerevaSakina

Shikamoo mama, shikamoo mzee fundi, mwalimu asante sana. Nimegeuza saa, ni kweli kabisa imeandikwa hivyo hivyo "Stainless Steel Back", na kile kifungio pembeni kina njano kama alivyosema mzee, tena pana alama ya kijani kidogo ndani ya bawaba. Nimeona niipige picha nimwonyeshe kila mtu kazini.

Maswali mawili. Kwanza mke wangu anasema nipake rangi ya kucha ile isiyo na rangi kwenye kifungio, inasaidia? Pili sisi tunashinda tunapaka losheni ya jua na dawa ya mbung'o na mbu, haviwezi kuwa vinahusika? Maana ule mkanda wa raba sahivi unanata nata kama umeyeyuka.

Mpagazi_Marangu

Hilo la pili niachie mimi. Kama dawa yako ya mbu imeandikwa DEET, ile kemikali ya kufukuza wadudu, ndo inayokuyeyushia mkanda. DEET inakula plastiki, inakula vioo vya plastiki vya saa, inakula fremu za miwani, tumeona sana mlimani wageni wanajipulizia halafu wanashika miwani. Nailoni na pamba haizidhuru. Sasa fikiria hiyo dawa na losheni imebanwa chini ya raba kutwa nzima kwenye joto la Manyara, hata ngozi isiyo na aleji italalamika. Jipulizie kabla ya kuvaa saa, acha pakauke kabisa, pale kwenye kifundo ruka usipake, futa viganja ndo uvae saa.

Na wakati unasubiri ngozi ipone, ning'iniza saa. Sisi wengi saa tunaifunga kwenye mkanda wa begi kifuani, unaiona bila kutumia mkono na haigusi ngozi. Wewe ifunge kwenye usukani au pale kwenye kishikio cha dashibodi, muda unauona vizuri kuliko hata ikiwa mkononi.

MamaJunior_Pasua

Rangi ya kucha inasaidia kweli ila haidumu, binti yangu nampakiaga kwa nyuma ya kifungo cha jinzi, pale kinapogusa tumbo, maana alikuwa anatoka vipele chini ya kitovu, mbele huko tulikuja kujua ni nikeli na ilianzia kwenye hereni za bei rahisi alizotobolewa nazo akiwa mdogo. Kwenye nguo inakaa kidogo, kwenye saa ya mtu anayetoka jasho itabanduka mapema, inabidi upake tena na tena. Kaka ulishawahi kutokwa na vipele kitovuni kwa ajili ya mkanda wa suruali? Kama ndiyo jibu unalo.

DerevaSakina

Dada umenigusa. Ndiyo, na nimekuwa nikivaa shati limechomekewa ndani miaka yote kwa sababu hiyo hiyo, sikuwahi kuunganisha na saa hata siku moja.

MamaNeema_Rau

Basi hapo mwanangu hatubahatishi tena. Ila kama ukitaka uthibitisho kamili, kuna kipimo cha kubandika, wanakubandika vitu mbalimbali mgongoni, vinakaa siku mbili bila kulowa, wanasoma wakibandua na wanasoma tena baada ya siku moja au mbili. Na uzuri sisi watu wa kaskazini hatuna haja ya kwenda mbali kumwona mtaalamu wa ngozi, hapa Moshi kwenye hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi toka 1992, wanasoma pale mpaka watu wa nchi nyingine za Afrika. Nenda kama krimu ndogo haijasaidia ndani ya wiki, au kama upele umeanza kutokea sehemu ambazo saa haigusi. Siku ukienda nenda na saa yako na mkanda wako wa suruali, na kila tyubu uliyowahi kupaka, usiwaambie tu jina, wabebee. Inawarahisishia sana.

Na usirudi kuvaa saa siku muwasho unapoisha. Muwasho unaisha kabla ngozi haijapona, subiri mpaka ukipitisha kidole pale pawe laini sawa na mkono mwingine.

FundiSaa_SokoKuu

Marahaba kijana. Rangi ya kucha usiharibu hela, kwa kazi yako haitoboi wiki.

Kama saa unaipenda usiitupe. Toa cheni, weka mkanda wa kitambaa cha nailoni ule mmoja mrefu, sio wa vipande viwili. Unapita kwenye kipini cha juu, unapita chini ya saa, unatokea kipini cha chini. Ukiuvaa, mgongo wa saa unakuwa umekalia kitambaa, haukalii ngozi. Kinachobaki ni kile chuma cha kufungia, na chenyewe fundi anaweza kukushonea kipande cha kitambaa kwa chini, au tafuta wa kubandika kwa kunata usio na chuma kabisa. Uwe nayo miwili, mmoja unafua na sabuni jioni unaanika, kesho unavaa mwingine.

Ile mikanda ya ngozi yenye shanga za kimasai ni mizuri na wageni wanaipenda, ila kwako ningesubiri kwanza. Ngozi nyingi zinalainishwa kwa kromu kiwandani na jasho linaitoa, kuna watu inawapa aleji kama nikeli tu. Kama unamjua fundi anayetumia ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti hapo sawa.

Siku ukinunua saa nyingine na mfuko ukiruhusu, tafuta ya titaniamu bodi na cheni. Ni nyepesi, rangi yake ya kijivu iliyopoa, na titaniamu tupu haina nikeli. Muuzaji akikwambia ni titaniamu ipime mkononi, ikiwa nzito kama hiyo yako anakudanganya.

Kabla hujaja kununua mkanda pima upana wa katikati ya masikio ya saa, pale unapoingia mkanda, kwa rula ya mtoto wa shule. Nyingi za kiume ni milimita 20 au 22. Usikadirie kwa macho, mkanda wa 22 kwenye saa ya 20 unajikunja pembeni na hiyo kona ndo itakuja kukuchuna tena pale pale.

DerevaSakina

Ni 20 mzee, nimepima na rula ya binti yangu sasa hivi. Jumatatu naingia Serengeti na wageni, saa nafunga kwenye usukani kama alivyosema kaka wa Marangu. Nikirudi nakuja Soko Kuu kuchukua miwili, mmoja wa kaki na mmoja mweusi.